Uzi: Ni nini hasa kilichoua kumbi za sinema za miji yetu midogo?

Msomaji wa Ngara (mwanzishaji wa uzi):

Wanajukwaa, kila historia ya sinema nchini Kenya inapojadiliwa hapa, mazungumzo huanzia Nairobi na kuishia Nairobi. Tunataja Kenya Cinema, 20th Century, Odeon, Embassy, Cameo, Liberty ya Pangani na zile za kutazamwa ukiwa ndani ya gari, Belle Vue na Fox. Kisha tunasikitika kidogo kwamba Shan ya hapa Ngara imegeuka Sarakasi Dome na kwamba Globe imebaki kuwa jina la mzunguko wa barabara, tukaishia hapo. Ukumbi wa mji mdogo, ule wenye paa la bati uliojengwa nyuma ya maduka ya Wahindi karibu na stesheni au soko, hupewa sentensi moja tu: televisheni ilikuja, video ikafuata, ukumbi ukafungwa. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu maelezo hayo hayaniridhishi. Yanaanza kusimulia ugonjwa wakati mgonjwa amekwisha kulazwa.

Hoja yangu ni kwamba uhai wa ukumbi wa mji mdogo haukutegemea jengo, wala wingi wa watazamaji, kama ulivyotegemea nakala ya filamu: ilikuwa mikononi mwa nani, ilipitia wapi kabla ya kufika, ilifika lini, na ilifika ikiwa katika hali gani. Watazamaji walikuwapo kabla ya ukumbi kujengwa na wamekuwapo baada ya ukumbi kufungwa. Kilichobadilika ni njia ya nakala kuwafikia.

Tuanze na vipimo, kwa maana ndivyo vinavyoeleza biashara yenyewe. Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye mashine kwa kasi ya picha 24 kila sekunde, na kwa kasi hiyo futi 90 za mkanda huisha kila dakika. Rili moja ya futi 2,000 hutosha dakika 22 hivi. Kwa hiyo picha ya Kihindi ya saa mbili na nusu ilikuwa rili saba, yaani mkanda wa zaidi ya kilomita 4, mzigo wa zaidi ya kilo 30 ukiwa ndani ya makebe yake ya bati. Mzigo huo haukuwa mali ya mwenye ukumbi. Aliukodi kwa msambazaji wa mjini, ukapakiwa kwenye treni au basi, ukaonyeshwa siku mbili tatu, ukafungwa na kusafirishwa hadi mji mwingine ambako mabango yalikuwa yamekwisha kubandikwa. Basi likiharibika njiani, watu wa mji wa mbele walirudishiwa pesa zao, au waliambiwa wavumilie kutazama tena ile ya wiki iliyopita.

Kwa kuwa kutengeneza nakala ni ghali, chache zilihudumia eneo kubwa sana, na zilikwenda kwa foleni. Nairobi na Mombasa zilitangulia, miji ya kiasi kama Nakuru na Kisumu ikafuata, na mji mdogo ukapata mkia. Kila mashine iliyotumika njiani iliacha alama yake: mikwaruzo kama mvua, matundu ya pembeni yaliyopasuka, vipande vilivyokatika vikaunganishwa kwa gundi na kupoteza sekunde kadhaa kila mara. Nakala ilipofika mwisho wa foleni, wimbo ulioimbwa mzima Nairobi uliweza kuruka beti nzima, na mtu aliyepigwa ngumi akaonekana amekwisha kuanguka kabla ngumi haijamfikia. Ukumbi wa mji mdogo uliuza kwa bei ndogo kitu kile kile ambacho miji mikubwa ilikuwa imekwisha kukichakaza.

Na bado watu walijaa. Hilo ndilo nataka tulizingatie kabla hatujaanza kulaumu televisheni. Walijaa hasa mwisho wa mwezi, mishahara ya mashamba ya chai, kahawa na mkonge ilipotoka. Walikuwa wakikaa kwenye mabenchi ya mbele, mvua ikipiga bati hadi hakuna linalosikika, na hakuna aliyejali kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa ya Kihindi. Hadithi ilifuatwa kwa macho, kwa nyimbo, na kwa sauti ya yule jirani aliyekwisha kuiona Nairobi na hakuweza kuinyamazia. Kila mtu alijua kwamba stelingi hafi, na kila mtu aliogopa vilevile.

Naomba wenye kumbukumbu na wenye hoja tofauti wachangie.

Mjukuu wa Reli:

Ndugu mwanzishaji, uzi mzuri, ila umeruka jambo ambalo mimi naliona ndilo mzizi. Kumbi hizo zilimilikiwa zaidi na wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia, wale wale waliofuata reli baada ya kufika Nairobi mwaka 1899 na kufungua maduka katika kila kituo chenye dalili ya kuwa mji. Mwenye duka la vitambaa ndiye aliyekuwa na mtaji, ndiye aliyejuana na wasambazaji wa picha za Bombay, na ndiye aliyekuwa na jamaa wa kutazama picha hizo kabla hajafikiria mtazamaji mwingine yeyote.

Sasa tazama kilichotokea mwaka 1967. Bunge lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotengwa, ambayo kwa kawaida yalikuwa katikati ya miji mikubwa, na ikawazuia kuuza bidhaa fulani. Mwaka huo huo kukawa na Sheria ya Uhamiaji. Mwezi Machi mwaka 1968 Uingereza nayo ikafunga mlango kwa sheria yake, na wiki zilizotangulia watu walikuwa wakipanga foleni Embakasi kuwahi ndege. Walioondoka kwanza ni wa miji midogo, kwa sababu sheria iliwagusa wao kwanza. Duka likipata mwenyewe mpya, ukumbi ulipata nani? Mimi nasema sinema ya mji mdogo iliondoka na masanduku ya mwenyewe.

Msomaji wa Ngara:

Ndugu Mjukuu wa Reli, sheria hiyo sikuiruka, nilikuwa naisubiri, na nakubali kwamba iliutikisa mji mdogo kuliko jiji. Tunachotofautiana ni namna ilivyoutikisa. Jengo liliweza kuuzwa, na mashine pia. Kisichouzika ni uaminifu wa miaka mingi kati ya mwenye ukumbi na msambazaji, ule uliomwezesha kupiga simu Jumatatu na kuahidiwa picha ya Ijumaa bila kulipa kwanza, kwa sababu baba yake na baba wa msambazaji walifahamiana. Mwenyewe mpya alirithi viti na deni la dizeli. Foleni ya nakala ilimbidi aianze upya, tena kutoka mkiani.

Wakati huo huo serikali iliunda Shirika la Filamu la Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1960, likapewa jukumu la kuingiza na kusambaza filamu nchini. Kusudi lilikuwa kuitoa biashara hiyo mikononi mwa kampuni za nje, na sina ugomvi na kusudi hilo. Ila kwa mtu mwenye ukumbi wa viti vichache mbali na jiji, kubadilisha mlango wa kubisha si sawa na kufupisha foleni.

Tusisahau vilevile upande wa vibali, ambao wachangiaji wengi hudhani ni jambo la juzi. Wakati wa ukoloni bodi ya ukaguzi haikuangalia umri tu. Picha iliweza kupitishwa kwa Wazungu na ikakatazwa kwa Waafrika, kwa hofu kwamba mtazamaji Mwafrika akimwona mzungu akiiba, akilewa au akishindwa, angepata mawazo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962 tukiwa mlangoni mwa uhuru, na ndiyo inayotawala maonyesho hadi leo kupitia Bodi ya Kuainisha Filamu. Ongeza kodi ya burudani iliyotozwa kwenye kila tikiti, na utaona kwamba mwenye ukumbi mdogo alibeba karatasi zile zile za mwenye ukumbi wa jijini, kwa mapato yasiyokaribiana.

Mama Soko:

Wanangu, hamjambo. Nawasoma hapa Kayole na ninajiuliza mnazungumzia mashambani gani. Kwetu hapakuwa na ukumbi wa Mhindi wala wa mtu mwingine. Sinema ilikuja yenyewe. Gari lilipita mchana na kipaza sauti likitangaza sinema leo, uwanja wa shule, na kazi zote zikaharibika hapo hapo, maana hakuna mtoto aliyetumwa maji akarudi mapema. Giza likiingia, kitambaa cheupe kilifungwa, jenereta ikanguruma, na kijiji kizima kikakaa chini. Kwanza tulioneshwa sabuni na dawa ya meno, kisha kichekesho, kisha tena sabuni. Waliochelewa walikaa upande wa nyuma wa kitambaa na kutazama picha ikiwa kinyume, na walifurahi vilevile. Hiyo nayo mtaiweka wapi katika historia yenu ya rili saba na treni?

Msomaji wa Ngara:

Mama, asante sana, na ni haki yetu kukemewa. Gari la sinema ndilo lililokuwa ukumbi wa Wakenya wengi wa mashambani, na historia yake inatangulia ile ya kumbi nyingi za mawe.

Jaribio kubwa la kwanza katika ukanda huu lilifanyika kati ya mwaka 1935 na 1937, katika mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Fedha nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York, na waliouendesha ni Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu zipatazo 35 za kilimo, afya na uwekaji akiba, wakatia sauti kwenye sahani za santuri ili lugha ibadilishwe kulingana na mahali, kisha wakapakia kila kitu kwenye lori na kuzunguka Afrika Mashariki na Kati, Kenya ikiwemo. Fikiria kazi hiyo: barabara za udongo, sahani za santuri zisizovumilia kutikiswa, na sauti inayopaswa kwenda sambamba na midomo.

Mwaka 1939, vita vilipoanza, serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit ili kueneza habari za vita katika makoloni, na baada ya vita ikaendelea na filamu za maendeleo hadi mwaka 1955. Kiongozi wake alikuwa William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria, naye aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha za haraka: kamera isihame ovyo, kitu kisikuzwe kupita kiasi, hadithi isiruke muda. Kutokana na fikra hizo kuna kisa kinachorudiwa katika vitabu, cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyejaa kwenye kitambaa kizima, wakajibu kwamba shukuru Mungu kwao hakuna mbu wakubwa namna hiyo. Binafsi kisa hicho nakisoma tofauti na waliokisimulia. Mtu aliyekalishwa chini usiku kufundishwa jambo alijualo tangu utotoni ana haki ya kumtania mwalimu wake.

Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Oktoba mwaka 1952, magari ya sinema ya serikali yalipata kazi nyingine: kupeleka ujumbe wa serikali kwa watu wa Mkoa wa Kati, ambao kuanzia mwaka 1954 walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vya kulindwa. Mtu aliyezuiwa kutoka nje usiku kwenda kwa jirani yake aliletewa sinema mlangoni. Kizazi hicho kilikuwa na sababu ya kutolitazama gari la kipaza sauti kwa macho ya Mama Soko.

Magari ya sabuni na dawa ya meno yalikuja kushika njia iliyokwisha kufunguliwa na hayo. Jina ambalo wengi wetu tunalikumbuka ni Factual Films, na biashara yake ilikuwa rahisi kueleweka: mtazamaji halipi chochote, anayelipa ni mwenye bidhaa. Zingatieni mkanda uliotumika. Kwa kawaida magari yalitumia mkanda wa milimita 16, ambao ni mwembamba, mwepesi, na hutumia futi 36 tu kwa dakika, hivyo rili moja ya futi 1,600 hutosha dakika 44. Nakala hiyo haikusimama kwenye foleni ya mtu. Ilikaa ndani ya gari, ikarudiwa uwanja baada ya uwanja hadi watoto wakaikariri. Gari liliweza kwa sababu lilikuwa na nakala yake, ukumbi haukuweza kwa sababu nakala ilikuwa ya kuazima. Ndiyo hoja yangu ile ile, Mama, isipokuwa wewe umeieleza vizuri zaidi.

Fundi Mstaafu:

Vijana, naomba niseme kidogo juu ya chumba cha mashine, maana mnakipita kama vile picha ilijionyesha.

Ukumbi kamili ulikuwa na mashine mbili. Rili ya kwanza ikikaribia kwisha, nukta ndogo hutokea juu upande wa kulia wa picha. Hapo una sekunde nane hivi za kuwasha mota ya mashine ya pili. Nukta nyingine hutokea sekunde moja kabla ya mwisho, nawe unabadilisha. Ukifanya vema hakuna aliye ukumbini atakayejua kwamba upo. Sasa, nakala ya mwisho wa foleni mara nyingi ilifika ikiwa haina nukta hizo, kwa sababu miisho ya rili ndiyo inayokatika zaidi. Kila fundi njiani alikuwa ametoboa alama yake mwenyewe kwa msumari, kwa hiyo unaona nukta nne, tano, hujui umwamini nani. Kumbi zenye mashine moja ziliwasha taa kila rili ilipokwisha, na mwenye kuuza njugu ndiye aliyenufaika.

Mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vinavyokaribiana na kutoa cheche isiyotazamika kwa macho matupu. Vijiti vinaungua na kufupika, kwa hiyo lazima uvisogeze, la sivyo picha inageuka manjano, kisha buluu, kisha giza na kelele za watu. Vijiti vyenyewe vilinunuliwa, na mwenye ukumbi aliyebanwa na pesa alitaka uvitumie hadi vipande vya mwisho visivyoshikika. Taa za zenoni zilipokuja zilipunguza kazi hiyo, ingawa kwa ukumbi mdogo ilikuwa gharama nyingine.

Tena kulikuwa na moto. Mikanda ya zamani ya nitrati ikishika moto huungua hata ikikosa hewa, kwa hiyo maji hayakusaidii. Ndiyo maana vyumba vya mashine vya zamani vina kuta nene na vidirisha vyenye vifuniko vya chuma vinavyoanguka vyenyewe. Kodak iliacha kutengeneza nitrati mwaka 1951, lakini nakala kuukuu hazikufa siku hiyo.

Kuhusu mjadala wenu, mimi nitasema tu kwamba msambazaji hakumwandikia mwenye ukumbi mdogo barua ya kumwacha. Alimtumia nakala mbovu zaidi, kisha nakala ya zamani zaidi, kisha akaacha kupokea simu.

Mwalimu wa Kasarani:

Shukrani, Mzee Fundi. Swali langu ni kwa mwanzishaji. Kama hoja ya nakala ni ya kweli, basi isiwe ya Kenya peke yake. Je, miji midogo ya nchi tajiri, ambayo haikuwa na Sheria ya Leseni wala hali ya hatari, ilipona?

Msomaji wa Ngara:

Mwalimu, swali lako ni zuri, na jibu linapatikana Marekani, ambako karibu kila mji wa mashambani ulikuwa na ukumbi wake kwenye barabara kuu. Huko nako kulikuwa na foleni, tena iliyoandikwa kwenye mikataba. Kampuni kubwa za Hollywood zilimiliki kumbi za miji mikubwa, zikaonyesha picha humo kwanza, kisha zikaweka muda wa kusubiri kabla kumbi za daraja la pili na la tatu hazijaruhusiwa kuigusa. Mwenye ukumbi mdogo alilazimishwa pia kununua picha kwa mafungu: akitaka moja nzuri, achukue na dhaifu kadhaa bila kuziona. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi dhidi ya Paramount na wenzake, ikavunja utaratibu huo, na kampuni zikalazimika kuachana na kumbi zao. Televisheni ilikuwa inaingia majumbani miaka hiyo hiyo, kwa hiyo ushindi huo uliwafikia wenye kumbi ndogo wakati ambapo wateja walikuwa wanaanza kubaki nyumbani. Hapo nakubali kwamba televisheni ina sehemu yake. Lakini kumbi nyingi ziliendelea, zikiwa maskini, kwa miongo kadhaa baadaye.

Pigo jingine lilikuja tena kwa njia ya nakala. Kutengeneza nakala moja ya milimita 35 kuligharimu takriban dola 1,500, wakati faili ya kidijitali kwenye diski iligharimu takriban dola 150. Faida hiyo ilikwenda kwa msambazaji, ilhali aliyetakiwa kununua projekta mpya ya makumi ya maelfu ya dola kwa kila pazia ni mwenye ukumbi. Mwezi Januari mwaka 2014 ikafahamika kwamba Paramount imekuwa kampuni kubwa ya kwanza kuacha kupeleka mikanda katika kumbi za Marekani. Miji mingi midogo ilichanga pesa kwa harambee, kama tujuavyo sisi, ikanunua mashine na kuufanya ukumbi kuwa mali ya jamii. Isiyoweza ilifunga, ingawa wateja wake walikuwapo.

Mjukuu wa Reli:

Sawa, nimesogea kidogo, lakini sijahama. Sasa eleza video. Televisheni ilianza hapa Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi ilikuwa ya watu wa mjini wenye umeme, hilo halina ubishi. Lakini video iliua, ndugu yangu. Niliishuhudia kwa macho yangu.

Msomaji wa Ngara:

Video iliua jengo, ndugu yangu, na ninakubali bila kusukumwa. Ninachokataa ni kusema kwamba iliua sinema ya mji mdogo, kwa sababu kibanda cha video ndicho kilichokuwa sinema ya mji mdogo.

Kanda ya VHS ilitoka Japani mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 na 1990 ikaenea hapa kwetu. Kwa mara ya kwanza katika historia yote tuliyoizungumzia, nakala iliweza kubebwa mkononi, kununuliwa moja kwa moja, na kuzalishwa na mtu yeyote mwenye mashine mbili na waya. Foleni ikafutika. Mwenye kibanda alihitaji runinga, mashine ya video, jenereta ndogo, mabenchi, na ubao wa chaki wa kuandika ratiba nje: ngumi mchana, Kihindi jioni. Kiingilio kilikuwa sarafu. Hakuwa raia wa daraja la mwisho tena, kwani picha iliyotua River Road, Nairobi, asubuhi iliweza kuwa kijijini kwake jioni. Bila shaka nyingi ya nakala hizo hazikuwa halali, na wenye kazi zao hawakupata kitu. Bodi ya Kuainisha Filamu na Bodi ya Hakimiliki zimekuwa zikipambana na biashara hiyo kwa miaka mingi, na wana sababu. Mimi naeleza tu kwa nini watu walihama mawe wakaenda mabati.

Isitoshe, kibanda kilitatua jambo ambalo ukumbi haukuwahi kulishughulikia, yaani lugha. Yule jirani aliyekuwa akisimulia gizani akawa msanii anayejulikana. DJ Afro amejenga jina zima kwa kusimulia picha za Kihindi na za ngumi kwa Kiswahili cha mitaani, akiwapa wahusika majina ya kwetu na kuwatia maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyawaza. Wapo wanaomdharau. Mimi namwona kuwa mrithi halali wa zile sahani za santuri za Vugiri, na tofauti kubwa ni kwamba yeye anachekesha. Leo vibanda hivyo vinaishi kwa mpira wa Uingereza zaidi kuliko kwa filamu, na hilo nalo ni jambo la nakala: filamu imo katika simu ya kila mtu, mchezo wa moja kwa moja haumo.

Mama Soko:

Mmenipa raha, wanangu. Sasa nina swali la kazi, si la historia. Kakangu alinunua jengo la zamani katika mji wetu ili afanye ghala la mahindi, na kumbe liliwahi kuwa na ukumbi. Ndani ya chumba cha juu wamekuta makebe ya bati yenye mikanda. Yananuka kama siki. Kijana mmoja anasema wayachome, mwingine anasema ana projekta, wajaribu kuonyesha. Tufanye nini?

Fundi Mstaafu:

Mama, msichome na msionyeshe. Mkanda wa zamani husinyaa, na ukisinyaa matundu yake hayalingani tena na meno ya mashine, utachanika kuanzia futi ya kwanza.

Kwanza tazameni ukingo wa mkanda. Kama kuna neno SAFETY, hauna hatari ya moto ule niliousema. Kama kuna NITRATE, au hakuna neno lolote na mkanda unanata au umefanya unga wa kahawia, toeni watu na moto wote humo ndani na mtafute ushauri kabla ya kuugusa tena. Harufu ya siki ni ya mkanda wa asetati unaooza. Hewa yake ya tindikali huambukiza mikanda iliyo karibu, kwa hiyo inayonuka itengwe na isiyonuka. Wala msiifunge kwenye mifuko ya plastiki, maana mtaifungia pamoja na sumu yake. Iwekeni ikiwa imelala, mahali pa baridi na pakavu, penye hewa, mbali na hayo mahindi.

Baadhi huenda ni ya poliyesta, hasa ikiwa ni ya miaka ya 1990. Inueni rili mkaitazame kwa ubavu dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya, ni poliyesta, na hiyo haipati ugonjwa wa siki.

Msomaji wa Ngara:

Mama, naongeza mambo mawili. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, na ni mahali pazuri pa kuanza kuomba ushauri kabla hamjaamua lolote. Na kabla makebe hayajasogezwa, kakako apige picha kila lebo, pamoja na maandishi ya kalamu yaliyo kwenye vifuniko na vikaratasi vyovyote vya basi au reli vilivyobaki, kwa kuwa karatasi hizo hubanduka mara tu zinaposhikwa, na majina ya miji yaliyoandikwa humo ndiyo njia ambayo nakala ilipita. Ukizipata, tafadhali ziweke hapa kwenye uzi.